Mstari wa Ritha Umelala

Jumatatu, 4 Novemba

Nesi Janeth wa kliniki ya presha kasema niandike. Kila moyo ukienda mbio, niandike ni saa ngapi na nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la nne. Akasema moyo hauulizi cheti. Ana kadi yangu, anatia nukta kila nikipimwa, kisha anaziunga kwa rula. Nukta zangu zinapanda na kushuka kama mbuzi kwenye mawe. Haipendi kadi hiyo. Basi nimechukua daftari la zamani la Ritha, nyuma lina kurasa nyeupe nyingi.

Leo moyo: mbio. Saa nne asubuhi. Nilikuwa nimebeba sinia la chai.

Nieleze vizuri. Mimi nafanya usafi na kupika chai ofisi za chama kikuu cha wakulima, hapa Mandewa. Mwaka wa sita. Binti yangu Ritha yuko hapohapo, mwezi wa tatu, kwa majaribio. Kazi yake ni kukaa mezani mbele ya kioo na kuiangalia Kompyuta Kuu. Yenyewe haiko mezani. Iko chumba cha baridi, mwisho wa korido, nyeusi, kubwa kama kabati la bibi harusi, na inapumua. Ndani yake wamo wakulima wote wa alizeti kutoka Ikungi mpaka Mkalama, na siku ya kila mmoja kuja kuchukua mbegu. Mkulima anabonyeza simu yake huko kijijini, swali linakimbia mpaka chumba cha baridi, jibu linarudi hajameza mate. Ritha anayaona yote hayo kwenye kioo kama mstari. Mashine ikifanya kazi nyingi, mstari unapanda. Ikipumzika, unashuka. Chini ni kijani, katikati njano, juu nyekundu.

Uzuri wa mstari ule! Nikisimama nyuma ya Ritha nasahau kumimina. Unatokea kushoto polepole, kama mtu anayepita ng'ambo ya ziwa Kindai alfajiri, humwoni uso, unamwona tu anakwenda. Nikiutazama sana naona hata jina la mtu huyo nalijua.

Nilikuwa hapohapo, naota, ndipo bosi Peniel akapita na simu sikioni. Alikuwa anamwambia mtu kwamba mashine imetulia, haina neno, na watu wawili wanaiangalia, Ritha asubuhi na Calist mchana. Kwamba wageni wa Dodoma wanakuja Jumanne ijayo. Kwamba wakiondoka, kati ya hao wawili abaki mmoja. Mmoja anatosha.

Nikatazama kioo. Mstari wa Ritha umelala. Kabisa! Chini kwenye kijani, kama uzi uliodondoka.

Marehemu baba alikuwa na ng'ombe. Asubuhi alipita zizini, hatazami pembe wala mafuta. Anatazama nani amelala na hacheui. Ng'ombe aliyelala hacheui, baba hakunywa hata uji, alikwenda kutafuta dawa. Na hii mashine imelala, haicheui, na mwanangu ndiye mchungaji wake, amekaa kimya mikono mapajani!

Nimemwaga chai kwenye kapeti. Ritha akaninong'oneza nikae chini, mama, unatetemeka. Hajui alichosema bosi. Sijamwambia. Ritha akikosa hapa ataenda Dar kutafuta. Nyumba itabaki na mimi, saa ya ukutani na kuku saba.

Lazima mashine icheue.

Jumanne, 5 Novemba

Nimechunguza. Mchana, zamu ya Calist, mstari unapanda kidogo. Watu wametoka shamba, wamekula, wanashika simu. Asubuhi wako na jembe. Kwa hiyo Calist anaonekana ana kazi na Ritha anaonekana hana. Uonevu mtupu!

Mama yake Calist ni Dorkas. Anauza chapati na maharage getini kwetu. Tulipata kipaimara siku moja, na tangu siku hiyo ananipima kwa macho kama kitambaa. Leo, mbele ya madereva watatu, akaniuliza kama nimemletea Ritha mto. Nikauliza mto wa nini. Akasema Calist kamwambia mstari wa asubuhi umelala fofofo, na si vizuri mlinzi abaki macho peke yake. Madereva wakacheka. Mmoja akapaliwa na maharage, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Kibaya zaidi, Calist mwenyewe ni mtoto mzuri. Ananiamkia shikamoo mama kila siku, anasimama kabisa, ananipokea ndoo. Inachosha kumchukia.

Mchana nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Upepo wa hapa kwetu mnaujua, hauna kazi nyingine. Mawingu yanapita juu ya yale mawe makubwa, hayanyeshi, yanatazama tu. Nikamwona Ritha ana miaka sita, anavuka ziwani miguu peku juu ya mstari wa kijani, ameshika kandambili mkononi. Nikamwita. Akageuka, akasema maji si ya kina, mama. Kumbe nimesinzia na fagio.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata! Tatizo ni baridi.

Leo zamu yangu ya kupiga deki chumba cha Kompyuta Kuu. Mle ndani meno yanagongana. Nani anaweza kucheua kwenye baridi ile? Nikaigusa ubavu. Inatetemeka, maskini! Nyuma ina matundu inapopumulia, yanatoa joto, joto lote linapotea bure.

Nikavua kitenge changu cha akina mama wa jumuiya, kile cha njiwa, nikaifunika matundu. Nikakipindapinda vizuri pembeni, kama unavyomfunika mtoto. Nikasema kwa Kinyaturu lala salama, kisha nikakumbuka sitaki ilale, nikasema amka. Nikatoka.

Dakika kumi. Mlio! Ritha akaruka kutoka kwenye kiti, kiti kikaanguka, akakimbia korido nzima. Kwenye kioo pembeni palikuwa na kitaa kidogo chekundu. Si mstari. Mstari wenyewe ulilala vilevile, mvivu ule.

Ritha akarudi na njiwa zangu kwapani, uso mweupe. Hakupiga kelele. Angepiga ningepona. Aliniuliza tu, polepole sana, kama kitenge hiki ninakifahamu. Nikasema nilikuwa nafuta vumbi, nikakisahau. Akasema mama, ile mashine inaogopa joto kuliko wewe unavyoogopa nyoka, ikipata joto inajizima, na ikijizima wilaya tatu hazina mbegu. Nikasema pole mwanangu. Akanikumbatia! Nilijisikia vibaya mno.

Moyo: mbio, saa tano. Na tena saa tano na nusu, nilipoona Dorkas anamuuliza mlinzi kisa cha mlio.

Alhamisi, 7 Novemba

Mjinga mimi. Dawa iko mfukoni mwangu!

Nina eka moja Iguguno, kwa mdogo wangu Klara. Kwa hiyo jina langu limo kwenye Kompyuta Kuu. Nikiuliza, lazima inijibu. Nikajifungia stoo ya mafagio, nikabonyeza nyota, namba, reli. Jibu likaja: Marietha, mbegu kilo mbili, Ijumaa tarehe 22. Ilijua jina langu! Nikasema ahsante kwa sauti. Nikakimbia kutazama kioo.

Umelala.

Nikarudi stoo. Nikabonyeza tena. Nikakimbia. Nikarudi. Mhasibu akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nimebonyeza mara arobaini na moja, kidole kimevimba, na kila mara imenijibu kwa adabu ileile, kilo mbili, tarehe 22, bila kusema nimekuchoka. Sijawahi kujibiwa hivyo na mtu yeyote hapa duniani. Mara ya thelathini nilihisi tunazungumza. Mara ya arobaini nilitaka kuiuliza kama na yenyewe ina mtoto.

Jioni nikimsaidia Ritha kuchambua mlenda, nikamuuliza kijanja, kama mtu mmoja akiuliza sana, mstari unapanda? Akacheka. Akasema mtu mmoja kwa mashine ile ni mbu kutua kwenye mgongo wa ng'ombe.

Sawa. Mbu wengi, basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi!!

Jana hiyohiyo nilimpigia Klara. Nikampigia na Yustina, rafiki yangu wa zamani mwenye hoteli ya chakula Shelui, pale malori yanapolala. Nikapita kwa akina mama kumi na mmoja wa jumuiya. Sikueleza mengi. Nilisema saa nne kamili asubuhi, kila mwenye jina la alizeti abonyeze namba ya mbegu, aendelee kubonyeza mpaka chai ipoe. Walisema sawa Mama Ritha. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hawa ndio watu!

Saa nne kasorobo nikaingia na sinia. Bosi Peniel alikuwa dirishani anatafuta mtandao wa simu yake. Nikamimina taratibu, tone kwa tone. Saa nne.

Mstari ukastuka. Nawaapia, ukastuka, kama mtu aliyesikia jina lake. Ukanyanyua kichwa, ukapanda kijani, ukagusa njano kidogo tu, kilima chema, mviringo, kama kichuguu cha mchwa baada ya mvua. Ritha akakaa wima, akaandika kwenye daftari lake, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, vidole vinacheza. Bosi Peniel akaja kusimama nyuma yake. Akauliza kuna nini. Ritha akasema wauliza mbegu wameongezeka ghafla, lakini mashine inabeba. Bosi akasema vizuri, uko macho.

Uko macho! Mlinzi hahitaji mto!

Baadaye Klara kanipigia. Alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akaibonyezesha foleni nzima. Nampenda mdogo wangu tangu alipozaliwa.

Moyo: raha. Sijui kama raha nayo inaandikwa.

Jambo moja tu. Nilipochungulia daftari la Ritha niliona kaandika: saa nne kamili, sekunde ileile, Iguguno, Shelui, Mandewa, kwa nini? Ile "kwa nini" kaipigia mstari mara mbili. Mtoto anapenda kazi yake.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Dorkas yuko kwaya, sauti ya pili. Wakati wa wimbo wa matoleo alikuwa ananitazama mimi, hatazami kitabu.

Kumbe kuna mtu wa jumuiya kamwambia. Sitaandika ni nani, ila ana meno ya mbele mapya. Baada ya misa nilimkuta Dorkas nyuma ya kanisa, kwaya nzima imemzunguka, anawaambia kesho saa nane mchana wabonyeze namba ya mbegu, na wawaambie waume zao, na mashemeji zao. Kunakili mawazo ya watu! Aliponiona akatabasamu, akasema Mama Ritha, shamba ni kubwa, tulime wote.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya Kindai makusudi, nipoe. Maji yalikuwa yamelala. Ndege heroe wachache wamesimama kwenye tope, kila mmoja juu ya mguu wake. Nikawaza labda ziwa nalo lina mtu mahali, amekaa mbele ya kioo, anaangalia kama linapumua. Labda ni mwanamke. Labda naye ana mama. Nikakaa pale mpaka viatu vikajaa maji, na moyo haukwenda mbio hata mara moja, kwa hiyo siku hii sikutakiwa kuiandika.

Lakini nilipofika nyumbani nikampigia Klara. Nikasema Jumanne wageni wanakuja. Saa nne. Kilima hakitoshi. Klara akasema kesho ni mnada, Iguguno yote itakuwepo, niachie mimi. Nikampigia Yustina. Naye akasema niachie mimi.

Nimewaachia.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa nane mchana, mstari wa Calist umepanda njano. Juu kuliko wangu. Namaanisha wa Ritha.

Jioni, natoka getini, Dorkas kanifungia chapati kwenye gazeti, kasema chukua Mama Ritha, ya kwangu, kula. Chapati ya ushindi! Nilitaka kumrudishia usoni. Ilikuwa ya moto.

Nimeila njiani. Ilikuwa nzuri sana, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 12 Novemba

Nitaandika yote, maana Nesi Janeth kasema yote.

Wageni walifika saa tatu, wanaume wawili na mama mmoja wa miwani, ambaye ndiye mkubwa wao. Ritha alivaa blauzi ya bluu niliyoipiga pasi mara tatu. Nilikuwa nimepangwa kugawa chai. Saa nne kasoro dakika tano wote walikuwa nyuma ya kiti cha Ritha, na bosi Peniel anawaeleza jinsi mashine ilivyotulia. Akasema kwa kweli haina neno.

Saa nne.

Sikuwahi kuuona mstari ukisimama. Haukupanda kama kichuguu. Ulipanda kama lori linavyopanda mlima Sekenke, kwanza polepole, unasikia kama linaunguruma, halafu hakuna barabara tena, kuna mbingu tu. Kijani ikaisha. Njano ikaisha. Ukaingia nyekundu na haukurudi. Ulikuwa mzuri, Mungu nisamehe, ulikuwa mzuri kama moto ukiwa mbali. Nilisahau sinia lina uzito. Nilisahau ni mimi.

Bosi Peniel akasema nini hiki. Simu za mezani zikaanza kulia, zote. Ofisi ya Mkalama: wakulima wanabonyeza hawajibiwi. Iramba: hivyohivyo.

Nilimtazama mwanangu. Hakulia, hakuruka. Akafungua daftari lake kwenye ile "kwa nini" ya mistari miwili. Akasema alihisi itatokea tena saa nne, kwa hiyo asubuhi amejiandaa. Akasimamisha kazi nyingine zote za mashine, ya kuchapa orodha, ya kunakili majina, moja moja, ili nguvu zote ziende kwa wanaouliza. Kisha akamwomba mlinzi amwite Calist. Calist akaja mbio, kipande cha chapati bado mdomoni, akavuta kiti, akashika simu zote za wilaya huku Ritha ameshika mashine. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake anaweka kalamu. Dakika ishirini na tatu. Mstari ukaanza kushuka, ukashuka, ukafika chini, ukalala. Na wale wageni wote wakashusha pumzi. Wakati umelala! Sikuwaelewa.

Ndipo mama wa miwani akauliza chanzo.

Ritha akafungua orodha ya simu zilizouliza zaidi tangu wiki iliyopita. Zilikuwa nyingi, lakini ya kwanza ilikuwa juu peke yake. Alhamisi, mara arobaini na moja. Kutoka ndani ya jengo hili.

Namba hiyo anaijua tangu ana miaka kumi. Angeweza kusema haijui. Nilitamani aseme haijui, na nilitamani asiseme. Bosi Peniel akauliza tena ni ya nani. Ritha akasema, kwa sauti ndogo lakini yote ikatoka: hiyo ni namba ya mama yangu.

Sinia likaanguka. Vikombe sita.

Halafu Calist akakohoa. Akatazama dari. Akasema na hii ya pili, ya mara thelathini na nane, hii ni ya mama yangu mimi.

Dorkas alikuwa mlangoni na sahani ya chapati za wageni. Akaanza kurudi nyuma kinyumenyume. Mlinzi akamzuia kwa heshima.

Basi nikasema yote. Ng'ombe wa baba, kulala bila kucheua, mmoja anatosha, kitenge, stoo, Klara, Yustina. Nikasema mtoto hana kosa, kosa ni la kwangu, na kama kuna wa kuondoka niondoke mimi na ndoo yangu. Klara kumbe aliwatangazia watu wote mnadani kwamba atakayebonyeza Jumanne saa nne atasogezwa mbele ya foleni ya mbegu. Mimi sikusema hivyo! Na Yustina aliandika kwenye ubao wa hoteli: Leo wali kuku, saa nne bonyeza namba ya mbegu usichelewe. Madereva wa malori wamebonyeza. Watu wa Mwanza wasiokuwa hata na bustani wamebonyeza!

Mama wa miwani akavua miwani. Nikajua yamekwisha. Kumbe anafuta machozi, anacheka, mabega yanaruka. Bosi Peniel hakucheka. Yeye alikuwa anatazama kapeti.

Yule mama akaniketisha. Akanieleza kama mtoto, mkono wake juu ya mkono wangu. Akasema mama yangu, mstari ukilala ndiyo afya. Maana yake mashine ina nguvu za akiba. Mwangalizi hakuwekwa kwa ajili ya siku mstari umelala, kawekwa kwa ajili ya siku ukisimama, kama leo. Akaniuliza nimeelewa?

Nikasema nimeelewa kabisa.

Moyo: mbio, saa nne mpaka saa kumi na moja. Bila kituo.

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi lori limefika kutoka Iguguno. Watu hamsini na magunia matupu, wanadai mbele ya foleni waliyoahidiwa. Klara juu kabisa, anapunga mkono.

Bosi Peniel katoa hukumu. Mimi na Dorkas tusimame mlango wa ghala, tumweleze kila mtu, mmoja mmoja, kwamba hakuna foleni ya mbele, na tumwombe radhi kwa jina lake. Tumeomba radhi kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Alipofika mtu wa ishirini sauti ilinikauka, Dorkas akawa anasema na mimi naitikia kwa kichwa. Mzee mmoja alisema sisi wawili tungefaa kuimba. Dorkas akamjibu mimi naimba sauti ya pili, huyu mwenzangu anaimba matatizo.

Nilicheka. Sikutaka, nikacheka.

Kisha habari yenyewe. Wageni wameandika kwamba siku za mbegu zenyewe zikianza wiki ijayo, watu watauliza zaidi ya jana, na mashine ingekwama kama isingejaribiwa. Kwamba mmoja hatoshi. Ritha anabaki. Calist anabaki. Wote wawili, barua za ajira, zina mhuri!

Mimi nimehamishiwa ghalani, kufagia. Siruhusiwi korido ya chumba cha baridi. Dorkas naye katolewa getini, meza yake iko ghalani pia, hatua tano kutoka fagio langu. Na namba yangu imefungiwa. Nikibonyeza, Kompyuta Kuu hainijibu tena. Ritha kaifunga mwenyewe, akaniomba radhi huku anaifunga.

Nimejaribu mara moja tu. Kimya. Nimeukosa ule upole wake.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimelala siku mbili kama mtoto. Ritha anaimba bafuni. Asubuhi kaniletea uji kitandani, akasema shikamoo mama, leo usiende mbali na watu wenye simu. Nje mawingu yamekaa chini kabisa juu ya mawe, na harufu ya mvua iko hewani ingawa mvua yenyewe haijaamua. Nilitembea mpaka kliniki kama mtu anayetembea juu ya pamba.

Nesi Janeth kanipima. Kapima tena. Akatabasamu meno yote. Akasema Mama Ritha, imeshuka, imetulia vizuri, sijawahi kuona. Akatia nukta kwenye kadi. Jana yake pia nilipimwa na nukta ilikuwa palepale. Akachukua rula, akaunga.

Akanigeuzia nione.

Mstari umelala.

Umelala kabisa, chini, kama uzi uliodondoka. Nesi anafurahi! Anasema nikiendelea hivi ataniandikia nije mara moja kwa mwezi. Sikutaka kumvunja moyo, nikasema ahsante nesi. Lakini mimi ni mtoto wa mfugaji. Najua ninachokiona.

Nimempitia Dorkas ghalani. Nikamwonyesha kadi. Akafuta mikono ya unga, akachomoa ya kwake chini ya sufuria, kumbe naye hupimwa kwa Nesi Janeth. Na yake imelala! Tumetazamana. Hii si ya kuchelewesha.

Kesho alfajiri tunapanda yale mawe ya nyuma ya Mandewa, mbio, kwenda na kurudi mara tano, na kila mmoja na ndoo ya maji kichwani. Dorkas anasema wa kwake utapanda zaidi. Atajuta. Jumatatu saa nne kamili nitakuwa kitini kwa Nesi Janeth, na wangu utasimama kama Sekenke.